Ile Ndogo Tu, Baba

Kompyuta ya binti yangu ilikuja mpya kabisa, nailoni ingali kwenye kioo, ila wakubwa walikuwa wameshaichomoa ubongo. Ndivyo walivyo. Wakikugawia mbuzi, ujue maini yamebaki kwao.

Binti yangu Limi alichapa barua miaka miwili kwenye kambi ya watafiti wa dhahabu, njia ya kwenda Geita. Mwaka tisini na nane bei ya dhahabu ikaanguka huko duniani, Wazungu wakakunja mahema, na badala ya kumlipa mwanangu haki yake wakampa kompyuta ya mapajani, kitu cha kufungua na kufunga kama sanduku la vipodozi. Aliyemkabidhi ni mkuu wa stoo, Theonest. Na Theonest, kabla ya kukabidhi, alifungua kimlango ubavuni, akavuta kidude, akakitia mfukoni. Limi akauliza ni nini. Akaambiwa hiyo ni hadidiski, ndimo kompyuta inamohifadhi kila inachokijua, na amri kutoka juu inasema isitoke kambini kwa sababu ina siri za kampuni.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini hata wa darasa la nne anaweza kuuliza: kompyuta ambayo haijawashwa hata siku moja, siri imeingia kupitia wapi? Theonest mwenyewe alirudi kwetu Kharumwa kwa lori la kampuni, na kompyuta kubwa ya mezani imelazwa juu ya godoro, akafungua gesti kando ya barabara. Kompyuta akaiweka mapokezi, akaifunika kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa akaweka maua ya plastiki. Hakuna mtu aliyewahi kuiona imewaka. Kazi yake ilikuwa kushika maua. Lakini watu wa kwetu wakimwona mtu ana kitu wasichokielewa humpa uenyekiti, na kabla mvua hazijaanza kunyesha Theonest akawa mwenyekiti wetu wa kitongoji.

Limi hakulalamika. Alipanga chumba jirani na mashine ya kusaga, maana mwenye mashine alikubali kompyuta ichajiwe kwenye jenereta yake. Hesabu yake ilikuwa nzuri. Wachimbaji wanataka maombi ya vitalu, walimu wanataka barua za uhamisho, watu wanataka kadi za harusi, na hakuna wa kuwachapia mpaka Kahama. Kilichokosekana ni kile kidude tu. Na huku nyuma mjomba wake wa Dar es Salaam, kaka yake marehemu mke wangu, alikuwa ametuma salamu kwamba amemwekea nafasi ofisini.

Limi aliniambia akiwa anachambua mchele. "Baba, kompyuta ikiwaka nabaki hapa nifanye kazi yangu. Isipowaka mpaka mnada wa Jumamosi ijayo, inabidi niende kwa mjomba. Nafasi haitanisubiri."

Akaendelea kuchambua. Na mimi nikautazama mchele. Mke wangu Noela alifariki mwaka tisini na tano. Gari la wagonjwa lilikuwepo, dereva alikuwepo, mafuta yalikuwepo, ila siku hiyo lilikuwa limepeleka viti kwenye mapokezi ya mkubwa fulani. Viti vilifika salama. Tangu hapo nyumba yetu ina watu wawili. Ukitoa mmoja, hesabu hiyo hata mimi naiweza.

Nikauza dume langu jekundu.

Limi alitaka kwenda kununua mwenyewe. Nikakataa. Kitu kinachonunuliwa kwa ng'ombe wa baba, hununuliwa na baba. Tena mimi si mgeni wa mali. Nimekuwa broka mdogo wa dhahabu kabla mabroka hawajaanza kuvaa miwani ya jua. Mzani wangu wa mkononi ninao mpaka leo, ule wa visahani viwili, na mawe yake ni njiti za kiberiti. Hakuna mchimbaji aliyewahi kuniuzia shaba nikaiita dhahabu.

"Sawa, Baba," Limi akasema. "Huko utakuta kubwa na ndogo. Wewe chukua ile ndogo tu."

"Ndogo?"

"Ile ndogo tu, Baba. Ndogo ndiyo inayofaa."

Hapo naomba nieleweke. Mtoto wa Kisukuma aliyelelewa akalelewa kweli hamwambii baba yake ninunulie kubwa. Ukimuuliza kama ugali umemtosha atasema umetosha, huku jicho liko kwenye sufuria. Mama yake alikuwa hivyo hivyo. Nikimpeleka dukani nikamwambia chagua khanga, kidole chake kilikwenda kwenye ile iliyopauka, ile ya bei ndogo, na mimi nikanunua ya pembeni yake, na mwaka mzima akiivaa alikuwa anajitazama mabegani. Kwa hiyo Limi aliposema ndogo, nilimsikia Noela. Moyo ukaniambia, mzee, usimwaibishe mtoto, mletee kubwa.

Nilisafiri na shemeji yangu Paskazia, mdogo wake marehemu, aliyekuwa anakwenda Shinyanga mjini kutafuta sufuria za biashara yake ya wali. Paskazia ni mtu wa maneno. Mimi na yeye ni watani kwa haki ya ndoa, na kifo hakijamwondolea haki hiyo hata kidogo.

Duka tuliloelekezwa lilikuwa la Jignesh, fundi wa saa na redio ambaye siku hizo alikuwa ameanza na kompyuta. Baba yake alizaliwa Shinyanga, na yeye kazaliwa Shinyanga. Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha maofisa wanaoletwa kututawala.

"Shikamoo, mzee. Karibu."

"Marahaba. Natafuta ubongo wa kompyuta."

"Hadidiski. Ya mezani au ya mapajani?"

"Ya mapajani."

"Shemeji," Paskazia akasema, "kwa umri huo bado unahangaika na vya mapajani."

Jignesh akainama chini ya kaunta, akakaa huko muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Aliponyanyuka alikuwa na vitu viwili. Kimoja chembamba, kama pakiti ya sigara iliyokaliwa na mtu. Kingine kinene, cha chuma king'aacho, kipana kama nusu tofali. Nilikiona tu nikakipenda. Kilikuwa na sura ya kitu kinachojua mambo.

"Hii ndogo ndiyo yako, mzee," akasema. "Hii kubwa ni ya kompyuta za mezani."

"Bei?"

Akataja. Nikamwomba arudie, nikidhani kakosea mkono. Hakukosea. Kile chembamba kilikuwa ghali karibu mara mbili ya kile kinene.

"Jignesh, mwanangu. Unaniuzia kidogo kwa bei ya kikubwa, na kikubwa kwa bei ya kidogo?"

"Kompyuta ndivyo zilivyo, mzee. Kitu kikiwa kidogo, kazi ya kukitengeneza ni kubwa. Kama dhahabu. Si unajua dhahabu? Kidogo, lakini ghali."

Angesema kitu kingine chochote ningemwamini. "Dhahabu ndogo ni ghali kuliko dhahabu kubwa? Nani alikuuzia hiyo, nimfahamu?"

Jignesh akashusha miwani kutoka kwenye paji la uso. "Nisikilize. Ndani zinabeba sawasawa. Giga mbili hii, giga mbili hii."

"Giga ndiyo nini?"

"Ni kipimo. Kipimo cha maneno yanayoingia humo."

"Maneno yanapimwa?"

"Yanapimwa."

"Basi shemeji yako wewe mletee mzani wa pamba," Paskazia akamwambia Jignesh, kana kwamba yule naye kaoa kwetu.

Nilikuwa nafikiri. "Kama zinabeba sawa," nikasema, "hii kubwa imejazwa nini hapo palipobaki?"

"Chuma, mzee. Chuma tu."

"Chuma si mali?"

Akanyamaza. Miaka yote niliyofanya biashara, mtu akinyamaza kwenye swali la namna hiyo najua nimekaribia. Nikatoa mzani wangu mfukoni. Nikaweka ile kubwa kwenye kisahani, na kisahani kikaenda chini na kamba moja ikakatika, njiti zangu zikatawanyika sakafuni. Paskazia akaokota moja, akaniuliza kama nataka kuchokoa meno.

Jirani na Jignesh kulikuwa na duka la Nazia, mwanamke wa Kiislamu anayeuza sukari, mchele na viungo. Nikabeba vile vidude viwili nikaenda kwenye mzani wake wa kaunta. Jignesh akanifuata, akiacha duka wazi, na hapo nikajua kweli vidude ni vya thamani.

"Jignesh," Nazia akasema, "siku hizi unauza kompyuta kwa kilo?"

"Si mimi, dada Nazia. Ni mzee."

Nazia alikuwa hana wateja saa ile, kwa hiyo akafurahia kazi. Akaweka ile kubwa upande mmoja, jiwe la nusu kilo upande mwingine. Jiwe likapanda juu. Nusu kilo na ziada. Akaweka ile ndogo na jiwe la robo. Jiwe halikutikisika, kama vile kisahani cha pili hakina kitu. Akatoa jiwe, akaweka vichwa vya kitunguu saumu, kimoja kimoja, na vilipofika vichache mzani ukakaa sawa.

"Kitunguu saumu," nikasema. "Dume langu zima, kwa kitunguu saumu."

"Mzee, yule mwenye kompyuta alikwambiaje?" Jignesh akauliza.

"Binti yangu alisema ndogo."

"Sasa si alisema?"

"Alisema kwa adabu."

Jignesh akamtazama Nazia. Nazia alikuwa anarudisha vitunguu saumu kwenye kikapu. "Huyu ni baba wa binti," akasema polepole, "namwelewa." Na mimi nikamshukuru moyoni, maana hata mtu wa dini nyingine na kabila jingine alikuwa amelielewa jambo.

Kikabaki kipimo kimoja. Dhahabu ya mashaka sisi huipima hewani, kisha huipima ndani ya maji, na ikiwa imechanganywa maji huisema. Nikauliza kama kuna ndoo.

Jignesh akalaza mikono yote miwili juu ya hadidiski zake kama kuku anayeona mwewe. "Mzee, chukua kubwa. Chukua tu, nakupunguzia. Lakini nasema mbele ya dada Nazia na mbele ya huyu mama: mimi nilishauri ndogo. Na mali ikitoka hairudi."

"Mali nzuri haina sababu ya kurudi," nikamwambia.

Nikaona namna alivyolegea mabega, nikasema moyoni, huyo, kashindwa. Watu wa bei wakishindwa hulegea mabega.

Kurudi tulipata gari mpaka Isaka, na pale Isaka lori lililokuwa limeteremsha shehena ya reli likatupakia mpaka Kahama, na Kahama tukapata jingine. Hadidiski niliifunga kwenye khanga ya marehemu, nikaipakata njia nzima kwa sababu ya mashimo. Wenye barabara zao wanajua kodi zetu zilipo, mimi sisemi. Kila lori liliporuka Paskazia alinigeukia. "Umemlaza ubavu mmoja muda mrefu, shemeji. Mgeuze. Hajacheua?"

Limi alitupokea mlangoni. Akapiga goti, akapokea mzigo kwa mikono miwili. Akafungua khanga. Akatazama kidogo.

"Ni kubwa kweli, Baba."

"Nilijua utasema hivyo."

"Wabeja, Baba, asante sana. Mmechoka, kaeni, nilete maji."

"Hujaribu?"

"Nitajaribu kesho. Betri imelala."

Akaiweka kwenye rafu, karibu na picha ya mama yake. Nilikula siku ile mpaka nikafungua kitufe. Ilikuwa Alhamisi.

Ijumaa asubuhi Limi alikuwa anafua. Alifua gauni la kanisani, alifua shuka, alifua vitambaa vya kichwa, kisha akaingia ndani akatoa nguo zilizokuwa zimefuliwa tayari akazifua tena. Mimi nilikaa barazani nakarabati kamba ya mzani wangu. Paskazia akaja na kapu, akasimama akaangalia ile kamba ya nguo ilivyojaa mpaka imeinama.

"Shemeji, mtu akifua nguo safi anakwenda wapi?"

"Anapenda usafi."

"Anakwenda Dar es Salaam. Kile kitu chako hakiingii."

"Hakiingii wapi?"

"Kwenye kompyuta. Kimlango chake ni hivi," akaonyesha upana wa vidole, "na ubongo wako ni hivi," akaonyesha tofali. "Nimemkuta alfajiri anakishikilia pembeni ya kimlango, anakiangalia tu, hata hajaribu kusukuma. Nikamwambia mwambie baba yako. Akasema, Mama mdogo, nimwambieje, na alivyokibeba kwenye khanga ya mama?"

Nikasema kosa ni la wale walioweka kimlango kidogo. Paskazia akakubali kwamba ni la kwao. Nikasema kosa ni la Jignesh. Akasema Jignesh alisema mbele ya mashahidi, na yeye Paskazia ni mmoja wao. Nikasema basi kosa ni la Theonest, asingeiba kile cha kwanza haya yote yasingekuwepo. Hapo Paskazia akaketi karibu yangu, akashusha sauti.

"Huyo ndiye niliyekuja kukwambia. Jana jioni nilipeleka wali gesti. Nikafuta vumbi nyuma ya ile kompyuta ya maua. Tumbo liko wazi, shemeji. Na ndani mwake kuna kidude chembamba kimefungwa kwa mpira wa baiskeli, kinaning'inia kama popo. Nafasi aliyoitengeneza Mzungu humo ndani ni ya tofali, na iko tupu."

Nilisimama nikatafuta fimbo yangu.

"Unakwenda kumpiga mwenyekiti?"

"Nakwenda kumwambia ukweli. Nimeuandaa tangu kambi ifungwe."

"Ukimwambia ukweli atakataa, na akishakataa mbele ya watu hawezi kukubali tena maisha yake yote, na mnada ni kesho. Mke huposwaje kwetu? Mwenye shida anakwenda mwenyewe anapiga kelele mlangoni? Chukua tofali lako. Mimi nachukua wali."

Theonest alitupokea vizuri. Wakubwa wote hupokea vizuri, ndiyo kazi yao. "Mwadila, Baba Limi." "Mwadila, mwenyekiti." Tukaketi mapokezi, chini ya yale maua. Tukazungumza mvua. Tukazungumza pamba, na walivyotulipa, na ambavyo hawakutulipa. Theonest akauliza mifugo, nikamwambia nimebaki na wachache. Tukataja waliofariki. Paskazia alikuwa ameweka sufuria ya wali katikati ya meza na kifuniko kimeachwa wazi kidogo, harufu inatembea.

"Mwenyekiti," nikasema, "nina jirani yangu."

"Jirani yupi?"

"Humfahamu. Ana hadidiski. Kubwa, nzuri, nusu kilo na ziada. Ila kwa sasa haina pa kukaa."

Theonest akakuna shavu. "Alinunuaje kitu kisicho na pa kukaa?"

"Alikuwa na sababu zake."

"Ajabu sana," Theonest akasema. "Mimi nina rafiki yangu yuko Runzewe. Yeye ana ndogo. Alishauriwa kwamba siku hizi vitu vya kisasa ni vidogo, kwamba kidogo kinaingia popote."

"Nani alimshauri?"

"Alijishauri."

"Na hakikuingia popote?"

"Kimeingia. Hakijakaa."

Nikauliza rafiki yake alikipataje. Theonest akasema alikabidhiwa, katika mazingira ya kazi. Nikauliza kama hakina siri za watu. Akatazama dirishani, akafikiri kama mtu anayesoma sheria.

"Siri zake," akasema, "zimeisha muda."

Yale maneno niliyoyaandaa yalikuwa mdomoni, yote, kwa mpangilio. Neno mwizi lilikuwa la tatu. Lakini niligundua kitu ambacho Paskazia alikijua tangu barazani kwangu. Mtu ukishasema una jirani, huwezi tena kumwita mwenzako mwongo.

"Basi," Paskazia akasema, akiwa ameshika mwiko, "huyo rafiki wa mwenyekiti na huyo jirani wa shemeji wabadilishane kabla wali haujapoa. Runzewe ni mbali, lakini nadhani rafiki yako alikisahau hapa hapa."

Theonest akanyanyuka. Akatoa maua, akayaweka kwenye kiti. Akatoa kitambaa, akakikunja vizuri mara nne. Akaigeuza kompyuta, akaingiza mkono nyuma, tukasikia mpira wa baiskeli ukifyatuka. Akanipa kidude bila kunitazama, na mimi nikampa tofali bila kumtazama, tukanawa mikono tukala.

Limi alikuwa anaanika nguo za mwisho tulipofika. Sikumwambia kilichotokea. Nilimwambia tu, "Jirani yangu mmoja amebadilisha," nikamnyooshea kile kitu chembamba, chepesi kama kitunguu saumu. Akakitambua kabla hajakigusa. Akakaa chini pale pale uani, akaiweka kompyuta mapajani, akafungua kimlango, kidude kikateleza ndani chenyewe kama mkono kwenye mfuko wa koti. Betri haikuwa imelala hata kidogo. Akabonyeza. Ikakaa kimya, ikakuna kuna ndani kama panya kwenye ghala, kisha ikaimba wimbo mfupi na kioo kikawa na mbingu na mawingu.

Limi aliitazama mpaka mawingu yakaondoka yakaja mambo mengine. Kisha akanyanyuka akaenda kwenye kamba, akaanza kuteremsha zile nguo, moja moja, akizirudisha ndani, na zilikuwa bado zinadondosha maji.

"Zitavunda," Paskazia akamwambia.

"Nitazifua tena, Mama mdogo."

Kompyuta ya Theonest nayo nasikia inawaka sasa. Inaandika mstari mmoja wa Kizungu, mweupe, kisha inanyamaza inasubiri kitu. Hakuna anayejua inasubiri nini, lakini wageni wa gesti wanaisifu, na mwakani atagombea udiwani. Atapata.

Jumatatu Limi alifungua chumba chake jirani na mashine ya kusaga. Mteja wa kwanza nilikuwa mimi. Nilivaa shati la kanisani, nikasubiri aniite, nikaingia kama mtu wa nje.

"Karibu, Baba. Tunaandika nini?"

"Barua. Kuhusu gari la wagonjwa na mama yako."

Vidole vyake vikatua kwenye vitufe, vikakaa. "Kwenda kwa nani?"

"Kwa wakubwa."

"Wakubwa gani?"

"Wote."

Akaandika kitu, nadhani ni neno hilo. Nje mashine ilikuwa inasaga, na kulikuwa na wachimbaji wawili wamesimama mlangoni na makaratasi yao, wanachungulia.

"Iwe ndefu au fupi, Baba?"

"Fupi tu, mwanangu," nikasema. "Una wateja. Usijisumbue. Ile fupi tu."

Limi akaniangalia. Kisha akanyanyuka, akawaambia wale wachimbaji warudi kesho, akaenda kwa mwenye mashine akaazima kiti chenye egemeo, akanikalisha, akafunga mlango.

"Haya, Baba," akasema. "Anzia kwenye vile viti vilivyofika salama."